Ncha Yangu ya Kanga

Wageni hawajakaa sawasawa kwenye boti, kamba bado imefungwa gatini, lazima mmoja aniulize kama watamwona yule mama wa alfajiri. Huwa nacheka kicheko changu cha biashara, nasema leo tutaona matumbawe, pomboo pengine, na kasa Mungu akipenda. Kisha namwambia nahodha atie moto mashine. Nahodha hujishughulisha na usukani wake, hanitazami. Simlaumu.

Yule mama wa alfajiri ni mama yangu mzazi. Hiyo picha waliyoiona mtandaoni, mwanamke mzee ndani ya maji mpaka kiunoni, nguo nyeupe imemgandama mwilini, mvi zimefunguliwa mgongoni na majabali yanaanza kupata jua, ndiyo iliyoniletea wageni baada ya corona. Wenzangu pale gatini walifungua tena biashara zao kwa matangazo. Mie nilifungua yangu kwa nywele za mama yangu, ambazo mwanamme asiyekuwa wa nyumbani alikuwa hajaziona tangu avunje ungo.

Nilipoacha kazi ya ofisini na kununua boti, ukoo mzima ulishika vichwa. Sisi tuliotoka Unguja tukaja Maskati tumejaa maofisini na mabenki. Mtoto akisoma anategemewa kiti cha kuzunguka, hategemewi kwenda kuwavalisha Wazungu jaketi za kuokolea. Khalati, mdogo wake mama, ambaye ulimi wake hauna breki, alisema, "Tumevuka bahari nzima ili tusimame nchi kavu, weye unairudia!" Baba peke yake alifurahi. Ndiye aliyenionyesha ule ufukwe mdogo uliojificha baina ya majabali, mbele kidogo ya kijiji cha Qantab. Hauna njia ya gari, unaingiwa kwa boti tu. Alikuwa akitupeleka tulipokuwa wadogo. Mama alipika wali wa nazi juu ya mchanga, na kwa kuwa hapakuwa na jicho la mtu, alivua buibui akaingia majini na dira lake, lile gauni lake pana, akaogelea mpaka baba akawa anampigia kelele arudi. Sijawahi kumwona mama akiogelea mahali pengine.

Kwa hiyo nilipoanza kuuza safari, ule ufukwe ndio nilioutia mbele. Mahali pasipo watu, nilikuwa nikiwaandikia wageni. Matumbawe, ndege, utulivu.

Ikaja corona, utulivu ukazidi kiasi. Mtalii ukimtafuta hata wa dawa humpati. Boti ililala juu ya mchanga chini ya turubai. Nahodha wangu ni mtu wa Qantab ambaye bibi yake mzaa mama alitoka Pemba, Kiswahili chake kina Kiarabu ndani kama pilau na zabibu. Akawa anakwenda kuvua samaki wa nyumbani kwake kwa kijiboti cha ndugu yake. Siku moja akanipigia simu, sauti imepanda. "Ya ukhti, dada yangu, kasa wamerudi! Mchanga wote umechorwa!" Kwa kuwa hakukuwa na taa wala kelele, kasa walikuwa wakipanda kutaga pale pale ambapo baba alikuwa akituwekea mkeka. Nilimsimulia baba. Akafurahi kama kaletewa mjukuu.

Halafu baba akashikwa na corona. Gari la wagonjwa lilikuja nyumbani Wattaya, mama hakuruhusiwa kupanda, akabaki mlangoni kashika viatu vya baba, maana walimchukua hana viatu. Hakumwona tena. Baba alizikwa na watu wachache, kaka yangu amesimamishwa mbali, sisi wanawake tunaangalia kwenye simu na picha inakatika katika. Hapakuwa na matanga. Hapakuwa na hitima ya watu kujaa mpaka ukumbini. Watu walituma rambirambi za sauti kwenye simu, na mama alizisikiliza zote, na kila moja ikisha aliiambia ile simu, "Ahsante, Mungu akujaze kheri." Nilikuwa natoka chumbani nikilia kwa hilo zaidi kuliko kwa maiti.

Akakaa eda. Nguo nyeupe, hana wanja, hana udi, dirisha lake limeelekea maduka ya magari. Jioni nilikuwa nikimpa habari za kasa, ndizo habari pekee nilizokuwa nazo zisizo za ugonjwa. Alikuwa akingojea kitu kimoja tu, kutolewa eda baharini. Kwao ndivyo walivyofanya tangu bibi na bibi. Eda ikisha, baada ya sala ya alfajiri, mjane hupelekwa pwani na wanawake wa nyumbani. Anaingia majini na nguo zake za eda, nywele zinafunguliwa, anakoga, zile nyeupe anavuliwa, na anatoka na nguo mpya ya rangi. Wanawake wawili humkinga kwa kanga upande wa bahari. Ncha moja hushikwa na yeyote. Ncha ya pili hushikwa na mtoto wake mkubwa wa kike, na kwetu mtoto mkubwa wa kike ni mie.

Kaka yangu, ambaye siku hizi ana ndevu na hoja, alisema hiyo ni mila tu, si dini. Eda inakwisha kwa siku zake, maji ya chumvi hayaongezi wala hayapunguzi. Mama akamjibu, "Sawa, baba. Basi mie n'nakwenda kukoga tu. Kukoga nako haramu?" Khalati akacheka mpaka akapaliwa.

Lakini mie nikiwa namkanda miguu aliniambia kwa sauti nyengine. "Baba yenu sikumwona, sikumwaga, sikumlilia na watu. Kila kitu kimekwenda na maradhi haya. Nimebakiwa na hili moja, nataka nilifanye sawasawa." Nikamwahidi. Tukachagua Ijumaa, na mahali hapakuhitaji kuchaguliwa.

Viwanja vya ndege vikafunguliwa. Wakala mmoja wa nje akaniandikia kuwa ana kikundi kidogo, watu wanaopenda viumbe, wanataka kumwona kasa anarudi baharini kunapopambazuka, boti moja, bila makelele. Wakifurahi, ataleta wengine. Asubuhi waliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, na ilikuwa Ijumaa ile ile.

Nilikuwa na neno la kusema, fupi kabisa, hapana. Sikulisema. Na nisijifiche nyuma ya shida, maana si njaa iliyonituma, nyumbani tulikuwa tunakula. Nilitaka niwe wa kwanza kutia moto mashine pale gatini. Nilitaka wale wanaume waliokuwa wakiniita mama wa pomboo wanione naondoka na boti imejaa, wao bado wanafuta vumbi. Basi nikajipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nikajiambia mama atakwenda giza halijatoka vizuri, wageni watakuja jua likichomoza, mama atakuwa ameshavaa, anakunywa chai. Na kama haitoshi nikaiazima hoja ya kaka, ati mila tu hiyo. Hoja niliyoiona ya kipuuzi mwezi mzima, siku ile ilinikaa kama imeshonwa kwa ajili yangu.

Mama sikumwambia kuhusu wageni. Hapo hapo nilijua kuwa ninakosa, kwa sababu jambo la halali mtu hulisema.

Ijumaa ile mama alikuwa wa kwanza kuamka. Khalati alikuja na kikapu, ndani mna ubani, chetezo, chupa ya chai, na dira la kijani nililomnunulia mama katika soko la Ruwi. Mama alilishika lile dira garini njia nzima, analikunja na kulikunjua. Tulipomsaidia kupanda boti, magoti yakimuuma, akageuka.

"Na weye?"

"Tangulieni, mama. Nna kijikazi hapa gatini, n'nakuja nyuma yenu. Nikichelewa, anzeni."

"Ya nini haraka?" akasema. "Bahari haihami."

Nahodha akawapeleka, akawashusha, akarudi kunichukua mie na wageni. Tulikuwa tumepanga hivyo. Lakini aliporudi wageni walikuwa wameshafika, wamevaa kofia zao, wamebeba makamera yao, kabla ya saa tuliyoagana. Mzungu hachelewi, na siku hiyo ndiyo niliyomchukia kwa hilo. Nahodha akanisogelea, akaniambia kwa Kiarabu ili wasisikie, "Ya ukhti, mama yako bado. Nimewaacha wamekaa juu ya mchanga."

"Tukifika watakuwa wameshamaliza," nikasema.

"Tungoje kidogo."

"Wageni wamelipia mapambazuko, si mchana. Twende."

Akatia moto. Pale gatini wenye boti walitutazama, mmoja akapiga makofi, na mie, Mungu anisamehe, nilimpungia mkono.

Tulipozunguka jabali la mwisho nikawaona. Mama alikuwa majini, kiunoni, ametugeuzia mgongo nusu. Khalati alikuwa ameshika ncha moja ya kanga, ameunyoosha mkono mpaka anakaribia kuanguka. Ncha ya pili walikuwa wameibana kwa jiwe juu ya mwamba, na upepo umeshaichomoa, inapigapiga maji. Upande wa bahari ulikuwa wazi kabisa. Upande wa bahari ndiko tulikokuwa sisi.

Nahodha alizima mashine papo hapo na kugeuza uso wake kwenye milima. Boti ikawa inaelea yenyewe. Nikasikia kamera zinalia, tiki tiki tiki. Kukataza nilikataza, msije mkasema sikukataza, lakini kwa sauti ile ile ninayomkaribishia mgeni kahawa. Tafadhali, nilisema, tafadhali, na mkono wangu sikuuinua mbele ya kioo cha mtu. Nikachelea kuwaudhi. Safari ya kwanza.

Bibi mmoja, mwenye sura ya huruma, aliniuliza kwa kunong'ona, "Yule ni nani?"

Kiingereza changu ni kizuri, nimekifanyia kazi miaka. Sikukosea neno. Nikamjibu, "Ni wenyeji. Watu wa huku huku."

Mama akageuka. Nilikuwa nimevaa mtandio wa rangi ya chungwa, unaonekana maili. Akaniona. Hakupiga kelele, hakumwita mtu. Alijishusha tu ndani ya maji, taratibu, mpaka mabegani, mpaka kidevuni, na nywele zake zikabaki zinaelea pembeni yake. Khalati alipiga yowe moja, "Ala! Hamna haya?" Nahodha hakungoja amri yangu. Aliwasha mashine, akatugeuza nyuma ya jabali.

Na kasa tulimwona. Lo, mambo ya Mungu! Alikuwa kwenye mchanga wa upande wa pili, bado anachimba. Wageni wakashika midomo, yule bibi akatokwa na machozi. Nami nikasimama mbele yao nikatoa hotuba yangu. Msimkaribie, kaeni mbali na kichwa chake, zimeni taa, atakayempiga picha usoni nitamrudisha kwenye boti, maana akihisi watu atarudi baharini bila ya kutaga. Na mikono niliinyoosha hivi, kuwazuia. Kasa nilimkinga. Nilikuwa na sauti, nilikuwa na mikono, vyote nikampa kasa.

Nilifika nyumbani baada ya nahodha kuwarudisha mama na khalati. Khalati alinipokea mlangoni.

"Umekuja, mama wa watalii! Karibu, tukupigie picha!"

"Khalati, mie nilidhani mmeshamaliza. Nilisema anzeni..."

"Tulikungoja weye!" Akaanza kulia huku anafoka. "Nilimwambia tuanze, dada, jua linatoka. Akasema, mwanangu kasema anakuja, ncha ile ni yake, sitaki aikute imeshikwa na mtu. Tukakaa juu ya mchanga tunatazama bahari. Kila kelele ya mashine akisema, huyo anakuja! Mpaka mie nikamlazimisha kuingia. Na ulipokuja ndio umekuja vile."

Mama alikuwa chumbani. Dira la kijani lilikuwa bado limekunjwa kikapuni. Zile nguo nyeupe alizifua mwenyewe, akazianika, na zilipokauka akazivaa.

Nilimpigia magoti. Akanishika kichwa, akasema, "Nimeshakusamehe. Nitakufanya nini, nikutapike?" Lakini nyeupe hakuivua. Harusi akialikwa alisema yuko eda. Kaka alikuja kumweleza kwa upole, si kwa hoja safari hii, kuwa kisheria yuko huru, amekwishatoka. "Najua, baba," mama akasema. "Sheria imenitoa. Mie bado sijatoka."  

Kisha picha ikatoka. Yule wakala aliitia kwenye ukurasa wake, na maneno chini yake kuhusu pwani iliyopumzika na watu wanaoishi na bahari kama zamani. Simu yangu ikawa haipoi. Watu wa nchi ambazo sizijui zimekaa upande gani wanataka ule ufukwe, ile alfajiri, yule mama. Wanaume wa gatini wakaanza kuniita bosi. Nilimwandikia wakala aiondoe, nikaandika vizuri, nikaeleza ni mjane, ni heshima, ni nywele zake. Nikaacha ujumbe haujatumwa. Kila jioni niliufungua, nikaubadilisha neno, nikaufunga, nikawajibu wageni kwanza. Nilipoutuma, picha ilikuwa imeshazunguka dunia. Wakala aliiondoa siku hiyo hiyo na akaomba radhi kwa maneno mazuri kuliko niliyomwomba mama. La kuvunda halina ubani. Ile picha iko kwenye simu za watu, na siku nitakayokufa itakuwepo.

Mama aliiona. Khalati alimwonyesha, hakutaka aje kuonyeshwa na mtu baki. Aliitazama, simu ameishika mbali kama anavyosoma msahafu bila miwani. Akauliza tu, "Na hii mikono yangu imekonda hivi tangu lini?" Akairudisha.

Msimu mzima ukapita hivyo. Biashara ikasimama kwa miguu yake, mama hakusimama. Kisha jioni moja, ninamkanda miguu, akaniambia, "N'peleke."

Sikuuliza wapi. Wageni waliokuwa wameagizia asubuhi iliyofuata niliwafutia, na walikuwa wengi, na waliudhika, wakaudhike. Nahodha nilimwambia atushushe kisha akakae mbali, mpaka nimpigie simu, na boti nyengine ikija aizuie kwa lugha yoyote. Akasema, "Hilo hukuwa na haja ya kuniambia, ya ukhti."

Tuliingia majini watatu. Zamani wangekuwepo wanawake wengi, wa kukogesha, wa kushika chetezo, wa kupiga vigelegele. Siku ile khalati alishika ncha yake, mie nikashika yangu, tukainyoosha kanga upande wa bahari, na mama akabaki ajikogeshe mwenyewe. Mie macho nimeyatia kwenye mchanga. Nilimsikia anafungua nywele, anachota maji, anamsalia Mtume kwa sauti ndogo. Mara akaacha kuchota.

"Walikuuliza mie nani?"

"Nani, mama?"

"Wageni wako. Siku ile. Yule bibi aliinama kukusemesha, na mdomo wako niliuona ukijibu."

Khalati alinitazama kwa ng'ambo ya kanga. Ningeweza kusema uongo. Upepo ulikuwepo, bahari ilikuwepo, ningeweza kujitia sikusikia. Lakini mikono yangu miwili ilikuwa juu imeshika kanga, na uso sikuwa na pa kuuficha.

"Nilisema ni wenyeji tu. Watu wa huku huku."

Maji yakatulia upande wake. Nilingoja anitukane, na wallahi ningeshukuru.

"Haya," akasema mama, na akaanza tena kuchota maji. "Basi inua juu ncha yako, bibi mgeni. Upepo unaiteremsha."

Nikainua. Sikuishusha mpaka aliponiomba dira lake la kijani.